Ukurasa wa Arobaini na Moja

Umm Seihun, 3 Novemba 1997

Kwa Mufleh bin Awwad, huko Ubelgiji,

Salamu zinatangulia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu unazistahili. Sisi hapa hatujambo. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, ikajaza mchanga uani kwa jirani. Binti yangu Wadha amevunjika jino la mbele kwa kumfukuza punda, sasa anacheka huku kaziba mdomo. Mume wangu Sabbah anakusalimu. Yeye ni mtu mwema, na ni msahaulifu. Mama hajakusalimu. Tangu baba azikwe hajalitaja jina lako, na usidhani nakuandikia kukupa habari kwamba ameanza.

Nakuandikia kwa ajili ya kitabu chako cha kuwaongoza watalii.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kibandani kwangu, pale ngazi za kupandia mlima wa Deir zinapoishia. Akapanda kijana mmoja wa Kizungu, nywele kafunga nyuma, pua imeiva kama nyanya, anahema. Nikamwambia, "Karibu, chai ya nanaa." Akaniambia kwa lugha yetu, kwa kujikwaa, "Asante, nakwenda kwa mama."

Kwa mama! Mama yupi? Nikaacha birika motoni nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja mpaka pangoni kwa mama, akasimama mlangoni, akaweka mkono kifuani, akasema: "Mimi ni mgeni wa Mungu."

Unajua na mimi najua. Mtu akisema maneno hayo haulizwi ametoka wapi wala anaondoka lini mpaka siku tatu ziishe. Mama na magoti yake yale akainuka, akatandika zulia la baba, akawasha moto. Kijana akalala siku tatu. Alichinjiwa yule mbuzi mweupe mwenye sikio moja. Siku ya tatu nikamuuliza nani kamfundisha, naye bila haya akanipa kitabu chenye jalada la kijani, na nyuma yake picha yako umevaa tai.

Kuna mwalimu wa kike, Mholanzi, anajua Kiarabu. Nikamkalisha nikamwambia nisomee polepole. Akasoma: maji usinunue getini, nunua mjini, na mkate pia. Ingia jua likichomoza kabla mabasi ya Aqaba hayajafika. Farasi usipande hata ukiambiwa yumo kwenye tiketi, maana mwisho wa safari utadaiwa bakshishi. Ukitajiwa bei, wewe taja theluthi kisha anza kuondoka. Sawa. Umewatia njaa binamu zako wenye farasi, lakini hiyo ni biashara, na biashara ina maneno yake.

Tukafika ukurasa wa arobaini na moja. "Chai usinunue kwenye kibanda cha juu. Piga hatua sitini mbele, pangoni kwa Mama Hamda. Mwambie wewe ni mgeni wa Mungu. Utakunywa, utakula, utalala, naye hatapokea chochote."

Kibanda cha juu ni mimi, Mufleh. Umeuambia ulimwengu mzima usinywe chai ya dada yako. Mbuzi wa mama walikuwa kumi na tisa. Leo ni kumi na sita, na wageni saba wamepita na kitabu mkononi. Uondoe ukurasa huo. Sikuombi.

Rakhiya


Ghent, 12 Desemba 1997

Dada yangu Rakhiya,

Nimefurahi kupata mwandiko wako, hata kama kila herufi ilikuwa na kucha. Nilipoondoka ulikuwa hujui kusoma. Nani kakufundisha? Hongera sana. Sisi huku baridi kali, mfereji umeganda, watu wanatembea juu yake kama wamechoka kuishi. Mke wangu Griet mzima. Mtoto wetu ana miaka sita na anahesabu mpaka kumi kwa lugha yetu, akifika saba anaruka kwenda tisa. Mimi alfajiri nasambaza mikate kwa gari, Jumamosi na Jumapili naandika.

Sasa hilo la kitabu. Kwanza, sikujua kibanda ni chako. Ningejuaje? Miaka minane hujaniandikia hata neno. Nilisikia kwa wasafiri kuna kibanda pale, basi. Chapa ya pili nitakiondoa kibanda.

Lakini mama haondoki. Dada, huelewi nilichofanya. Vitabu vingine vyote vinasema kwetu kila tabasamu lina bei. Mimi nimeandika kwamba yupo mwanamke mmoja juu ya mlima ambaye hauzi. Hiyo ni sifa ya nyumba yetu, watu wa mataifa wanaisoma kwenye treni. Mchapishaji ananiambia ukurasa huo ndio unaopendwa kuliko wote.

Kama biashara ya chai imelegea, badilisha. Uza juisi ya machungwa. Wageni wakifika juu wanataka kitu baridi, si kitu cha moto. Nakupa ushauri huo bure.

Na mama mwenyewe analalamika? Muulize, uniandikie maneno yake. Yako nimeyasikia.

Ndugu yako,
Mufleh


Umm Seihun, 21 Februari 1998

Mufleh,

Salamu. Barua yako ilikaa posta ya Wadi Musa mwezi mzima kwa sababu uliandika jina la baba peke yake, na karani anajua baba amekufa. Hata karani anajua. Theluji ilianguka siku mbili, ikafunika ngazi. Wadha anaumwa kikohozi. Sabbah kateguka mguu.

Ulitaka kujua nani kanifundisha kusoma. Serikali ilifungua darasa la akina mama hapa kijijini jioni, nikaenda miaka miwili na mtoto mgongoni, nikachekwa na wanawake wenzangu. Nilitaka siku ukiandika, nisihitaji mtu wa kunisomea. Hukuandika. Uliandikia Wazungu.

Juisi ya machungwa, eti. Machungwa yapande ngazi mia nane mgongoni mwa nani? Wewe unayegawa ushauri bure, njoo uyabebe.

Sasa nikueleze sifa ya nyumba yetu inavyofanya kazi. Saa kumi na moja alfajiri napandisha maji madumu mawili kwa punda. Unga napandisha mimi. Kuni naokota mimi, maana siku hizi zimekuwa mbali. Mama anakanda mkate wa majivuni, anampa mgeni wa kwanza, wa pili, wa tatu, na samli juu yake. Mgeni anapiga picha. Jioni mama hawezi kunyoosha magoti, namkanda kwa mafuta mpaka analala. Hilo halimo kwenye kitabu.

Na kahawa anamimina kwa dele ya baba. Dele hiyo ilipaswa kushikwa na mwanamume wa nyumba, wageni wakiingia. Mjane mwenye mtoto wa kiume aliye hai anajiwashia moto na kujimiminia kama hakuzaa! Wageni hawajui wanachokiona. Watu wetu wanajua, wanapita mbali wasimtie aibu.

Umeniambia nimuulize. Nimemuuliza. Mama amesema: futa. Neno moja hilohilo, sijaongeza.

Mbuzi ni kumi na mmoja. Na kwa kuwa unapenda maswali, nami nina langu. Baba siku aliyokufa aliuliza mara tatu, "Mufleh kafika?" Mara ya tatu nilimdanganya, nikamwambia yuko njiani. Simu uliipokea, Griet alitwambia umeipokea. Ulikuwa wapi?

Rakhiya


Ghent, 17 Mei 1998

Rakhiya,

Salamu kwa Sabbah, na pole kwa mguu. Wadha apewe maji ya moto na asali. Kwangu hapa mtoto amehitimu kuogelea, Griet anafanya kazi zamu mbili, mimi nimenunua baiskeli. Hizo ndizo habari za nyumba, nimezimaliza.

Nimekaa na barua yako miezi miwili kwa sababu niliiamini. Nilikwenda mpaka kwa mchapishaji na kumwambia ukurasa wa arobaini na moja utoke, mama yangu amesema. Alikubali. Nilirudi nyumbani sikula.

Jumapili iliyopita kengele ikalia. Mlangoni mwanamke mzee, muuguzi mstaafu wa Antwerp, kafika kwa treni na kitabu changu kwapani. Alilala pangoni kwa mama mwezi wa Machi. Alipomwambia anatoka Ubelgiji, mama alimshika kifundo cha mkono, hakumwachia. Akamuuliza kwa ishara na kwa maneno mawili matatu ya Kizungu anayojua: Anakula? Ameota mvi? Ana mtoto? Mzee wa watu hakujua chochote, lakini alikumbuka kwamba mwanzoni mwa kitabu nimeandika "kwa mwanangu Awwad," jina la baba. Akamwambia. Mama akatoka nje na kukaa huko mpaka kahawa ikapoa.

Muuguzi alikuja kuniona ili akirudi tena aweze kumjibu mama. Nilimwambia ninakula. Nilimwonyesha mvi zangu.

Kwa hiyo mama hakusema "futa." Umeongopa. Umeweka uongo kinywani mwa mama yako, wewe unayenifundisha adabu za kumimina kahawa!

Na si huyo peke yake. Nimewaandikia wasomaji kupitia mchapishaji, wamejibu kumi na wawili, na wote wameulizwa mambo hayohayo. Wewe ulininyima habari miaka minane, basi hao ndio barua zangu. Nimerudi kwa mchapishaji. Kibanda chako kimetoka kama nilivyoahidi. Ukurasa wa mama umebaki, na nimeuongezea mistari minne. Chapa ya pili inatoka Agosti. Utaisoma mwenyewe, si unajua kusoma?

La mazishi usiliguse.

Mufleh


Umm Seihun, 2 Oktoba 1998

Wewe Mufleh,

Leo salamu utazipata kwa Sabbah, mimi sina. Wadha amepona. Zabibu zimekuwa nyingi mwaka huu. Basi.

Ndiyo, niliongopa. Mama hakusema chochote. Nilipomuuliza alinitazama kama hajasikia, akaendelea kuchambua dengu. Nilijua kwa nini anapanda kule juu kila siku na magoti mabovu. Anawatazama viatu wanapofika, anasubiri mwenye kitabu cha kijani. Wengine wanapata chai, mwenye kitabu anapata mbuzi. Mimi nipo naye kila siku ya Mungu, nambebea maji, na macho yake yako njiani! Nilitaka ukurasa utoke ili anitazame mimi. Haya, umelisikia. Cheka.

Lakini ulichofanya Agosti kinapita uongo wangu.

Walikuja mume na mke, watu wazima, wastaarabu. Mama akamimina kahawa, akampa mwanamume kwanza. Yule bwana akaipokea kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa, halafu akaiweka finjani chini mbele yake, na mikono akaiweka magotini.

Nilikuwa mlangoni na ndoo. Mama akapauka. Mara ya mwisho finjani kuwekwa chini katika pango lile ilikuwa baba akiwa hai, walipokuja wazee wa ukoo wa mbali kuomba msamaha wa damu. Hata huyo mke wake akaiga, na yake chini. Mama akauliza, "Una haja gani?" Bwana akafungua kitabu, akavaa miwani, akasoma ulivyomwandikia: "Mufleh anaomba radhi. Hatutakunywa mpaka umpe."

Astaghfirullah! Hujui kama mwenye nyumba akimnyima mtu aliyeweka finjani chini, aibu ni yake? Hujui kama aliyeiweka akiinywa kabla ya kupewa, aibu ni yake? Unajua. Ulikuwa unakaa nyuma ya baba ukitazama. Umemtega mama yako kwa adabu yake mwenyewe, na mtego umewapa watu wasiojua hata kama ni mtego.

Wamekuja kumi na wanne mpaka leo. Mmoja aliweka chini, akangoja, kiu ikamshinda, akainywa na kuomba nyingine. Mmoja alidhani ni tambiko, akapiga picha ya finjani kutoka pande zote. Msichana mmoja alilia mwenyewe kabla mama hajalia. Na kuna aliyeondoka nayo mfukoni kama ukumbusho, sasa finjani za baba ni tano badala ya sita.

Mama hajampa hata mmoja jibu. Anaitazama kahawa mpaka inapoa, anaichukua, anaimwaga nje ya mlango. Jiwe la mlangoni limeingia weusi. Halafu anachinja, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mbuzi ni watano. Wiki iliyopita aliteleza ngazini, ameumia nyonga, na kesho yake alinilazimisha nimpandishe kwa punda.

Ukitaka radhi, wazee wa ukoo wako wapo. Mtu huenda nao, anatembea nyuma yao, kichwa chini, mwili wake mwenyewe upo pale uonekane. Wewe umetuma wauguzi.

Sitafunga barua hii bila kuligusa ulilonikataza. Andika kwa mkono wako, nitamsomea mama neno kwa neno. Baba alipokufa ulikuwa wapi?

Rakhiya


Ghent, 9 Novemba 1998

Rakhiya,

Salamu. Wote wazima huku.

Nilikuja.

Simu ilinikuta Jumatano. Nauli niliazima kwa jirani, ndege nikaipata Ijumaa, basi dogo la kwenda Wadi Musa likangoja abiria mpaka saa nane mchana. Nilishuka njia panda, nikapanda kwa miguu mpaka kwenye kona ile ya juu ya kijiji, penye tangi la maji. Jumamosi, jua linaelekea kuzama. Nililiona hema la matanga. Watu walikuwa wanang'oa vigingi, siku tatu zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa na begi moja na shati jeupe nililolinunua uwanja wa ndege kwa ajili ya kumzika baba.

Nyuma ya hema alikuwepo mwanamke anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Aliinua kichwa. Alinitazama kwa muda wa kutosha mtu kusema Fatiha. Sura sikuiona vizuri, jua lilikuwa linanipiga machoni. Halafu akageuka, akanipa mgongo, akaingia ndani. Sikusikia mtu akiitwa. Hakuna aliyetoka.

Nikajiambia, hilo ndilo jibu la nyumba. Nimechelewa, nimehukumiwa. Nilikaa chini ya tangi mpaka giza, nikarudi njia panda.

Ningeweza kushuka. Najua. Kulikuwa na hatua mia mbili hivi, za kuteremka tu. Watu wananisoma niwaambie njia ya mkato ni ipi, nami ile sikuiweza. Ndiyo sababu nilituma watu. Kila mmoja niliyemfundisha kusema "mimi ni mgeni wa Mungu" nilikuwa najaribu kusema mimi.

Miaka yote hii sikukuuliza, leo nakuuliza. Mwanamke yule alikuwa nani? Kama si wewe, msomee mama barua hii. Kama ni wewe, fanya utakavyo.

Mufleh


Umm Seihun, 26 Februari 1999

Kwa Mufleh,

Salamu kutoka kwa Sabbah, na kwa Wadha ambaye jino limeota limepinda, na kwa punda kama zinakufaa. Mlozi wa nyuma ya shule umechanua. Nimechelewa kukujibu. Utaona kwa nini.

Alikuwa mimi.

Nilikuona, na nilikujua kabla hujaweka begi chini, hata jua lingekuwa la aina gani. Nilikuwa nimekesha siku tatu, nimemwosha mama uso, nimepikia watu mia, na mkono bado ulikuwa unanuka mafuta niliyompaka baba. Nikakuona na shati lako jeupe. Nikasema moyoni, aone. Asimame pale aone ilivyo kuachwa. Nilidhani utashuka hata hivyo. Wallahi nilidhani utashuka, nikaingia ndani kuandaa maneno ya kukutukana. Nilipotoka hukuwepo. Sikumwambia mama, siku ile wala siku zilizofuata. Kila alipotazama njiani, nilikuwa najua kwamba njia ile ilishakuleta mara moja, na mimi nikakurudisha.

Kwa hiyo usinilaumu sana kwa ule uongo wa "futa." Ulikuwa mdogo.

Barua yako nilikaa nayo wiki sita ndani ya gunia la unga. Halafu nikapanda pangoni, siku ambayo hapakuwa na mgeni, nikamsomea yote, na yangu nikaongeza mwishoni. Mama hakunipiga. Alinyamaza siku tisa. Chakula nilichompikia hakukila, alipika chake. Maji niliyopandisha aliwapa mbuzi, akateremka kisimani mwenyewe na nyonga ile, mimi namfuata nyuma nalia, yeye hageuki.

Siku ya kumi, ilikuwa Ijumaa, walikuwepo wanawake wa kijijini wawili wamekuja kumjulia hali. Mama akamimina kahawa, akawapa, mwisho akanipa na mimi, maana hakuweza kuniruka mbele ya watu. Nami sikufikiri. Niliiweka chini.

Mwanamke kuweka finjani chini mbele ya mama yake mzazi, sijawahi kusikia. Wale wawili walishika vinywa. Mama akauliza, "Una haja gani?" Nikasema, "Nilimwona nikamgeuzia mgongo. Naomba radhi yangu, na yake." Alinitazama, Mufleh. Kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, alinitazama mimi na si njia. Akasema, "Kunywa yako." Nikasema, "Na yake?" Akasema, "Yake hainywi mtu mwingine. Nimeshamwaga kumi na tisa. Mwenye haja ajilete."

Kisha akaniamuru nikuandikie namna ya kuja, kwa sababu anasema wewe ni mtu wa kufuata vitabu. Haya, chukua kalamu.

Ukishuka Amman usilale mjini, vyumba ni ghali na kunguni ni bure. Nenda stendi ya kusini alfajiri. Basi dogo halina saa, linaondoka likijaa, kwa hiyo kaa kiti cha mbele na usishuke kutafuta kahawa, safari hii usichelewe. Ijumaa usisafiri kabisa. Maji na mkate nunua mjini. Hilo uliandika kweli. Njia ya nyuma ya kijiji usiitumie, uliiuza kwenye ukurasa wa hamsini na mbili, sasa ina mlinzi. Pita getini kama watu. Kuna bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, na karani atakuuliza wewe ni yupi. Jibu unalo mwenyewe, mimi simo. Farasi usipande. Ndani ya Siki, ule mpasuko wa mwamba, tembea taratibu, umeshakuwa na mvi. Ukifika kwenye jengo la Hazina usisimame kuwafundisha watu bei. Ngazi za Deir panda alasiri zikiwa kivulini, na mtoto mshike mkono, asipande punda, maana siku hizi jiwe linateleza. Mwache ahesabu ngazi, na akiruka nane mrudishe chini aanze upya.

Juu kuna kibanda. Kunywa chai hapo. Utalipa, na ukinitajia theluthi nitakumwagia birika.

Halafu piga hatua sitini. Mkono usiuweke kifuani, wala usiseme yale maneno yako ya ukurasa wa arobaini na moja. Ukiyasema itabidi akuchinjie, na mbuzi wamebaki wanne. Mama anasema hao si wa mgeni. Anasema hao wanamngoja mwenye nyumba, magoti yake hayawezi tena kuwachunga.

Rakhiya